Nilinoa, Nikanoa

Kwanza kichwa cha makala, maana najua wapo wasomaji watakaokishangaa. Kwetu Kenya, mtu akikosea jibu darasani, au akipiga penalti ikapaa juu ya mwamba, wenzake humcheka wakimwambia, "Umenoa!" Yaani umekosa, umeharibu. Ilikuwaje kitenzi cha kutia makali kikawa pia kitenzi cha kukosea, hayo nawaachia wataalamu wa lugha. Mimi nasimulia jioni moja ya Septemba katika gereji yangu, kaskazini mwa Dallas, nilipofanya yote mawili kwa mkono mmoja, juu ya kifaa kimoja.

Chenyewe ni kidogo, hakizidi ncha ya kidole gumba. Ni kipande cha chuma cha mviringo chenye meno manne usoni, na katikati kina tundu la kupachika kijiti. Tukiite kikatio. Kazi yake ni kupunguza urefu wa ganda la risasi lililokwisha kupigwa, ili lipate kujazwa tena. Naam, mimi hujaza risasi. Mtoto wa Majengo, Mombasa, niliyekuwa nikiziba masikio fataki za Idi zikilipuka, leo nina meza yenye mizani ya baruti na mikebe ya maganda ya shaba. Ukikaa ugenini miaka mingi utajikuta una mambo ambayo jirani zako wa zamani hawatayaamini.

Na kabla hamjaanza kuniandikia: Kenya haya hayafanywi sebuleni. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, bunduki ni ya mwenye leseni tu, na risasi zina kiwanda chake cha serikali kule Eldoret. Huku Texas ni jambo la kawaida kama kuvua samaki, na wengi hulianza kwa sababu nilizoanza nazo mimi: rafiki mwenye subira, na bei ya risasi dukani.

Rafiki mwenyewe ni mzee niliyefanya naye kazi ghalani, mtu wa mashariki ya Texas, mrefu, mwenye maneno machache. Nilipomweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake haitwi kwa jina kavu, aliniuliza aitweje. Nikamwambia Mzee. Akalipenda, na mpaka leo akinipigia simu hujitambulisha, "Ni Mzee hapa," kwa lafudhi ambayo mama yangu akiisikia hucheka mpaka akashika mbavu.

Sasa, kwa nini ganda likatwe? Risasi ikipigwa, baruti huwaka ndani ya ganda ikazaa shinikizo kubwa mno. Kwa bunduki yangu, inayotumia risasi za aina ya .308 Winchester, kikomo walichokubaliana watengenezaji wa Marekani ni pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 na kidogo. Chini ya shinikizo hilo shaba hutanuka ikazibana kuta za chemba, yaani kile chumba cha bunduki inamokaa risasi, moshi usimrudie mpigaji usoni, kisha hunywea, lakini hairudi kama ilivyokuwa. Ili ulijaze tena, sharti ulisukume ganda ndani ya kalibu ya chuma lipate umbo lake. Shaba ikibanwa ubavuni haina pa kukimbilia ila mbele, shingoni, kama dawa ya meno ndani ya bomba lake. Hivyo kila ganda likipigwa na kurudishwa, hurefuka.

Kwa .308 urefu wa mwisho ni inchi 2.015, milimita 51.18 kwa sisi tuliosoma kwa milimita. Likikaribia hapo tunalipunguza hadi inchi 2.005. Tofauti ni robo ya milimita, unene wa nywele tatu nne. Ukiipuuza robo hiyo, mdomo wa ganda huingia pale chemba inapokuwa nyembamba, ukabanwa, ukakikamata kichwa cha risasi kisiachie kwa wepesi. Shinikizo lisilo na njia hupanda. Bunduki huharibika hapo, na uso wa mtu uko karibu nayo.

Mashine ya kukatia tunaiita trima. Mafundi wa kukereza wakiiona watajua mara moja ni keezo, ila ya mezani na ya mkono. Kitako cha ganda hushikwa upande mmoja. Kijiti chenye unene wa kichwa cha risasi huingia mdomoni mwa ganda kulizuia lisiyumbe. Wewe unazungusha mpini, kikatio kinausogelea mdomo na kuuchuna, mpaka kinapogonga kizuizi ulichokifunga kwa kipimo chako. Makali yakiwa mazima, shaba hutoka kwa visokoto vyembamba vya manjano vinavyonasa kwenye nywele za mkono na kumeta chini ya taa. Sauti yake ni kama ya mtu anayemenya karoti. Makali yakifa hutoka vumbi, na sauti huwa ya kusaga.

Septemba ile nilikuwa napata vumbi.

Mpini ulikuwa mzito, na midomo ya maganda ilikuwa inabaki na ndevu. Simaanishi mengine, ni vile vinyuzi vya shaba vinavyobaki ukingoni pale chuma kinaposukuma badala ya kukata. Vidogo daima vipo, na tuna kifaa cha kuvipangusa. Hivi vyangu vilikuwa vimekunjika nje kama ukindu uliochanwa vibaya. Mama angekitazama kikatio kile akatoa hukumu kwa neno moja: hakipati. Pwani kisu kikali hupata, na kisicho kikali hakipati. Ndiyo maana ya methali yetu ya zamani, kinolewacho hupata, ambayo watu wa mbali na Pwani huidhani inahusu mali.

Basi nikaamua kunoa. Na hapa lazima nirudi Majengo kidogo, kwa sababu kosa langu lilizaliwa kule.

Utotoni kazi yangu ilikuwa kukuna nazi. Unaikalia mbuzi, ule ulimi wa chuma wenye meno umetokeza mbele yako, unazungusha kifuu kwa mikono miwili na nazi iliyokunwa inadondoka kwenye sinia. Meno yakiisha, nazi hutoka kwa mabonge na tui huwa jepesi, na mama hukulaumu wewe, si mbuzi. Ndipo tulipomngoja mnoa visu. Alipita na baiskeli yake, akaiegemeza kwenye stendi, ukanda ukapachikwa gurudumuni, akakanyaga pedali na jiwe likazunguka likirusha cheche. Siku za kukaribia Idi ya Kuchinja hakupumzika. Madrasa tulifundishwa kwamba anayechinja anoe kisu chake asimtese mnyama, na mtaa mzima ulikumbuka mafunzo hayo usiku mmoja kabla. Lakini mbuzi ya nazi hakuitia jiweni. Aliishika kwa goti, akatoa tupa ya pembe tatu, akapitisha kati ya jino na jino, kwaru, kwaru, akihesabu kimoyomoyo. Nilichuchumaa pale nikimtazama kila mara. Kwa hiyo nilipofika umri wa kuwa na gereji niliamini kwamba mambo ya meno nayajua.

Nilikifunga kikatio kwenye jiliwa, nikachukua tupa ndogo ya unga wa almasi, nikaanza kuyasugua meno kwa juu, jino baada ya jino. Dakika 20. Nilisikiliza taarabu huku nikifanya kazi, nikajiona fundi. Nilipomaliza, meno yalikuwa yanang'aa kama fedha.

Nikapachika, nikaweka ganda, nikazungusha. Mpini ulienda mlaini ajabu. Ulienda na haukukata chochote. Mdomo wa ganda ulikuwa umepakwa mng'aro kama kioo, urefu ni uleule. Nikakandamiza. Kikatio kikaruka, kikatetema, kikauma shaba na kuiachia, na ganda likatoka na mdomo wa mawimbi. Nikalitia kalipa, kile kipimo cha taya mbili, upande huu: inchi 2.006. Nikaligeuza kidogo: 2.003. Jaribu la pili, la tatu, hali ni ileile. Nimenoa, nikasema peke yangu gerejini, na nilikuwa nimesema kweli kwa maana zote mbili.

Jumamosi nikaenda kwa Mzee. Alikishika kikatio, akakiinua kwenye dirisha, akakizungusha polepole. Hakuniuliza nilikinoa kwa nini wala kwa tupa gani. Aliniuliza, "Kabla ya kukitia tupa, ulikisafisha?"

Nikanyamaza. Akachukua sindano akachokoa kwenye mfuo, lile bonde kati ya jino na jino, ambako tupa yangu haikufika. Ikatoka takataka nyeusi, laini, inayonata. Nilikuwa nimenunua mfuko wa maganda ya jeshi yaliyotumika, na baadhi ya risasi za jeshi hupakwa lami kidogo ndani ya shingo ili maji yasiingie kwenye baruti. Lami ile, pamoja na masizi na mafuta niliyoyapaka maganda ili yapite kwenye kalibu, ilikuwa imejaa mifuoni mpaka makapi ya shaba yakakosa pa kwenda. Jino likijaa namna hiyo haliwezi kuuma. Mzee alifungua trima yake, akanionyesha kikatio chake nacho kikiwa na hali inayokaribiana na hiyo, akakitumbukiza kwenye kikopo cha mafuta ya taa, akakipiga mswaki mkuukuu, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha. Visokoto vya manjano vikaanza kudondoka.

Kumbe kikatio changu hakikuwa butu. Kilikuwa kichafu. Nami nilikichukua kizima nikakiua kwa juhudi.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile. Kila mara niliposema makali yamekufa, mara nyingi zaidi yalikuwa yamefunikwa. Na hata yanapokufa kweli, shaba si muuaji. Chuma cha vikatio vingi vya trima ni kile kinachobaki kigumu hata kikipata moto. Kabla ya chuma hicho, kisu cha keezo kikipata joto sana kililegea, fundi akalazimika kwenda polepole. Mwishoni mwa karne ya 19, kwenye kiwanda cha Bethlehem Steel, Pennsylvania, Frederick Winslow Taylor na Maunsel White walijaribu kukitia chuma chenye tangisteni na kromiamu moto mkali kupita wote waliouthubutu mafundi, karibu na kuyeyuka. Badala ya kuharibika, kikaweza kukata hata kikiwa chekundu kwa joto. Mwaka 1900 wakakionyesha Paris, na wageni wakaona chuma kikikata chuma, makapi yakitoka yamegeuka rangi ya samawati. Sasa wewe fikiria: kitu kilichozaliwa kukata chuma kwa mwendo ule, kitachoshwaje na shaba laini inayozungushwa kwa mkono gerejini?

Kinachokichosha ni uchafu. Masizi ya baruti ni magumu. Mchanga wa uwanja wa shabaha ni mgumu zaidi, na maganda huokotwa chini. Hata usafi wenyewe una hila yake. Wengi wetu husafisha maganda kwa kuyatia kwenye mashine inayotikisika pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au maganda ya jozi, na kijiko cha dawa ya kung'arisha. Dawa hiyo ni msasa katika umbo la uji. Usipoyapangusa maganda baada ya kutoka humo, unakilisha kikatio msasa ganda moja baada ya jingine, halafu unashangaa. Wengine husafisha kwa maji na vijiti vidogo vya chuma kisichoshika kutu, urefu wa punje ya mchele. Shaba hutoka kama dhahabu. Ila kijiti kimoja kikibaki kimejibana shingoni, jino litakalokutana nacho litavunjika kipembe. Mimi sasa nayageuza maganda kichwa chini, nayagonga, kisha natazama ndani kwa tochi moja moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini huwa naifanya nikisikiliza mpira.

Mpangilio wangu kwa sasa: kusafisha, kupitisha kwenye kalibu, kufuta mafuta yote, ndipo kukata. Usikate kabla ya kalibu, maana kalibu ndiyo inayorefusha. Utakuwa umepima ubao kabla ya kuloa. Na kila baada ya maganda 50 hivi, mswaki mkavu kwenye mifuo. Ukisikia sauti imebadilika, mswaki tena, na tone la mafuta ya taa. Karibu kila mara shida inaishia hapo.

Kosa jingine la mkono, na hili nililikuta kwangu baada ya Mzee kunitazama nikifanya kazi: nilikuwa nikifika mwisho narudisha mpini nyuma nusu mzunguko, kwa mazoea ya kufungua parafujo, kikatio kikiwa bado kimegusa ganda. Jino likirudi kinyumenyume halikati, linasugua ukali wake mwenyewe. Kiondoe kwanza, ndipo mkono ufanye utakalo.

Haya, lakini siku hufika. Maelfu ya maganda, na jino huisha kweli. Utajuaje? Usiliguse kwa kidole ukadhani umejua. Kisafishe, kiweke chini ya taa kali, ukipindue taratibu huku ukitazama ukingo wa kila jino kwa lenzi. Ukingo mkali hauonekani. Hauna upana wa kurudisha mwanga. Ukingo uliokufa umelala, na mlalo ule hung'aa kama uzi mweupe. Nilipoliona jambo hili mara ya kwanza nilikwenda jikoni nikavitazama visu vyote vya nyumba, na nikaona haya.

Na sasa somo la Mzee, ambalo ningelipata mapema nisingelimaliza kikatio. Jino, alisema, lina uso na lina mgongo. Uso ni ule upande unaotangulia, unaokutana na shaba. Mgongo ni ule wa juu, unaofuata nyuma ya ukali, nao umechongwa ukiteremka kidogo ili ukali peke yake uguse kazi. Mimi nilisugua mgongo. Nikautoa ule mteremko, nikaulaza sawa na kazi. "Sasa jino lako limekaa kitako juu ya shaba," akasema, "na aliyekaa hakati kuni."

Hilo ni moja. La pili ni urefu. Meno manne ni kama watu wanne waliobeba jeneza: mmoja akiwa mrefu, mzigo wote ni wake. Ukisugua migongo kwa mkono, hata uwe na jicho la namna gani, jino moja litabaki juu kwa sehemu ndogo ya milimita. Hilo ndilo litakalokata peke yake, likitetema, na mdomo wa ganda utakuwa wa mawimbi. Kwenye mbuzi ya nazi hakuna anayejali jino moja likizidi, nazi hailalamiki. Mnoa visu wa Majengo hakunidanganya. Mimi ndiye niliyechukua elimu ya nazi nikaipeleka kwenye kazi ya robo ya milimita.

Kwa hiyo ni uso tu. Hivi ndivyo nilivyofanya kwenye kikatio cha pili, kile nilichonunua baada ya msiba wa kwanza, siku kilipochoka kihalali. Niliupaka uso wa kila jino wino mweusi wa kalamu nene. Nikaweka kibao cha almasi, kile cha chembe laini, ukingoni mwa meza, kimefungwa kisisogee. Nikakilaza kikatio ubavu hivi kwamba uso wa jino la kwanza ukakaa wote juu ya kibao, bapa kwa bapa, kama mtu anayelaza shavu kwenye mto. Kisha kusukuma, polepole, kuelekea upande mmoja tu, mara 10. Nikaangalia. Wino ulikuwa umetoka katikati na kubaki kwenye kona ya juu, maana yake nilikuwa nimekiinamisha. Nikarekebisha mkono, nikapaka wino upya, mara 10 tena. Wino ukatoka wote. Jino la pili mara 10, la tatu 10, la nne 10. Hesabu ni muhimu kuliko nguvu, kwa sababu ukilila uso wa jino moja kuliko wenzake umeanza tena habari ya jeneza.

Tupa ya kawaida haifai, na si kwa sababu ya ukwaru wake. Chuma kile ni kigumu sawa na tupa yenyewe au kuipita. Itateleza juu yake na meno ya tupa ndiyo yatakayoisha. Ni almasi, au jiwe. Mimi humalizia kwa jiwe la Arkansas, jimbo jirani. Katika milima ya Ouachita kuna mwamba uitwao novakulaiti, karibu wote ni silika, wenye chembe ndogo na zilizoshikana. Wenyeji wa asili wa huko walichonga kwa mwamba huo vichwa vya mishale kabla chuma hakijafika. Nililinunua langu safarini, jeupe, dogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, na nina hakika nililipa zaidi ya thamani yake. Halina haraka. Unalitia tone la mafuta mepesi, unapitisha uso wa jino mara tano sita, na ule uzi mweupe chini ya taa unapotea kama mtu amezima swichi.

Kuna kishawishi kimoja ambacho Mzee alinikataza kabla hata sijakifikiria: kulitia jino pinda, kuliinamisha mbele kama ukucha wa paka, eti ling'ate zaidi. Shaba haitaki hivyo. Shaba ya manjano ikikutana na ukali ulioinama huukamata na kuuvuta ndani, na mpini unakutoka mkononi. Mafundi wa zamani wakitaka kutoboa shaba kwa keekee huupunguza kidogo makusudi mwinamo wa ncha kwa jiwe ili usichimbe. Waliokitengeneza kikatio waliuacha uso umesimama wima kwa kusudi. Wewe ukiulaza bapa juu ya jiwe unaufuata uamuzi wao, basi, huongezi lako.

Nikajaribu. Ganda la kwanza lilitoa visokoto. La pili vilevile. Nikapima matano, kila moja mahali pane kuzunguka mdomo: 2.005 yote, ila moja lililosoma 2.0055, na hilo nadhani ni mkono wangu kwenye kalipa. Ndevu zilikuwa chache kiasi cha kupanguswa kwa mizunguko miwili.

Watu huniuliza kwa nini nisinunue kikatio cha tangisteni kabidi nikaacha kuhangaika. Ninacho kimoja. Ni kigumu mno na hukaa mara nyingi zaidi bila kunolewa, na anayekata maelfu kwa mashine ya umeme hana sababu ya kutokuwa nacho. Lakini ugumu wa kabidi ni mkavu, kama wa kigae. Kiangushe sakafuni, au kipige kile kijiti cha chuma kilichosahaulika shingoni, na pembe ya jino imekwenda. Hapo jiwe la Arkansas halikusaidii chochote. Ni almasi tu, na subira ambayo sina. Kwa mtu anayekata maganda 200 kabla ya msimu wa kulungu, chuma cha kawaida kinatosha, na kinakufundisha kitu. Hayo ni maoni yangu. Mzee ana maoni tofauti, ila yeye hukata mengi kuliko mimi.

Kile kikatio cha kwanza sikukitupa. Kipo kwenye mkebe wa msumari, meno yake bado yanang'aa.

Simulizi hii nilimpa mama kwa simu, akasikiliza mpaka mwisho. "Wewe mwana wewe," akasema, "umevuka bahari yote hiyo ukawe mnoa visu?" Nikamwuliza habari ya mbuzi yake ya nazi. Akasema haipati tangu Ramadhani, yule bwana wa baiskeli siku hizi hapiti. Nikaona hapa ndipo pa kulipa deni. Nikanunua tupa nzuri ya almasi, nikampa mtu aliyekuwa akisafiri kwenda Mombasa, na maelezo marefu ya sauti kwenye WhatsApp: pitisha kati ya jino na jino, mama, usisugue kwa juu.

Wiki tatu baadaye akanipigia. Almasi yangu, alisema, ilisugua siku moja ikajaa chuma, ikawa laini kama kijiko. Na ni kweli, ningekumbuka kabla ya kutuma: mbuzi ni chuma laini, nacho huziba chembe za almasi. Kinachotakiwa pale ni tupa ya pembe tatu. Alikuwa ameshaipata Marikiti, na mbuzi inapata.

"Hii yako nimeiweka kabatini," akasema. "Ukija utaichukua."